Siku Niliyoitikia Shikamoo ya Baba Mkwe

Jamani, mkinicheka nicheke nanyi, lakini mnicheke taratibu, maana aibu hii hata mume wangu Mwita sikumsimulia yote, nilimkatia katikati, na nawasimulia nyinyi kwa sababu tu pale stendi ya Mugumu wapo walioniona kwa macho yao na ipo siku mtaisikia kwao ikiwa imetiwa chumvi. Bora muisikie kwangu. Mimi ni mwanamke mzima, mama Ghati, nimeolewa kwa ng'ombe halali, na nimewahi kumwitikia baba mkwe wangu "marahaba". Yeye ndiye aliyeniamkia.

Mnajua kazi yangu ni vitabu vya mitumba. Vingine navikusanya hapahapa Tarime kwa watu wanaohama, vingine vinavuka kutoka Isebania vikiwa kwenye magunia, navifuta vumbi, nabandika kurasa zilizochanika, napiga picha, naviweka mtandaoni. Na siuzii sehemu moja, nina masoko matatu kwenye simu moja: kundi la watu wa Tarime, ambao wanataka vitabu vya shule mwezi wa kwanza na baada ya hapo hawakujui tena, ukurasa wa soko la Serengeti, watu wa mahubiri na ufugaji, na soko la Wakenya, ambako wamo pia wanaofanya kazi mpakani Sirari, hao wanabishana bei mpaka mate yanakukauka. Kitabu kimoja nakiweka kote, anayewahi ndiye anayepata, halafu nakimbia kukifuta kwingine (nikikumbuka).

Basi rashi ya dhahabu ikaja. Asiyewahi kuishi kwenye rashi hajui. Leo mtu anasema ameona dhahabu kwenye shamba la jirani, kesho fundi cherehani amefunga, kinyozi amefunga, walimu wanaumwa wote kwa pamoja, na watu wanachimba maduara, yale mashimo ya dhahabu, mpaka ukutani kwa vyoo vyao wenyewe. Mwita naye akachukua sururu akaenda. Kwenye masoko yangu hakuna aliyetaka tena riwaya wala mahubiri, kila mtu anauliza, mama, una kitabu cha mawe? Nami nikakipata kimoja chini kabisa ya gunia, kinene, kina picha za rangi za mawe yenye dhahabu na yale yanayojifanya yanayo. Nilikikumbatia kama mtoto.

Nikakiweka kote kote. Na wanaume wakaanza: "Wewe mama unajua nini kuhusu mawe? Hakuna mwanaume hapo tuongee naye?" Hasira zikanipanda. Ndipo nikafanya lile jambo dogo lililonimaliza. Kwenye soko la Serengeti nikabadilisha jina, nikajiita Mzee wa Vitabu, na mahali pa picha yangu nikaweka picha ya miwani na mkongojo juu ya rundo la vitabu. Hamtaamini, siku hiyohiyo heshima ikaanza kumiminika.

Wa kwanza kuja alijiita Kijana wa Dhahabu, picha yake pikipiki nyekundu. Akaandika, "Shikamoo mzee." Sasa hapo ningefanyaje? Nikikataa nimejifichua. Nikaandika, "Marahaba kijana wangu, hujambo?" Na jamani, nikaona utamu! Tangu nizaliwe nimekuwa mtu wa kuamkia tu, leo naamkiwa. Nikanogewa, kila asubuhi shikamoo, kila asubuhi marahaba, nikaanza hata kumpa mawaidha. Akitaka kupunguziwa bei namwambia, "Kijana, haraka ya nini? Nenda kamsaidie baba yako kuchunga ng'ombe kwanza." Anajibu, "Nimekuelewa mzee wangu." Nikamuuliza mkeo anajua habari za hili duara lako? Akasema hapana mzee, atanicheka. Nikamwambia, "Mwanaume hamwogopi mkewe, mura, kijana wangu, simama imara." (Mimi huyo. Mimi ambaye Mwita akikohoa tu namuuliza alikuwa wapi.)

Sasa muelewe kilichokuwa moyoni mwangu siku zile. Baba mkwe wangu ni mzee wa Morotonga, pale jirani na Mugumu, mtu wa ng'ombe, na dhahabu anaichukia hadharani. "Dhahabu haikamuliwi," ndiyo kauli yake, na Mwita alipoondoka na sururu mzee aliirudia siku nzima kwa kila aliyepita. Biashara yangu nayo anaiita biashara ya hewani. Lakini ana fremu moja nzuri ya duka Mugumu, barabara ya sokoni, na mpangaji wake alikuwa ameondoka. Mimi niliitaka ile fremu kuliko kitu chochote. Vitabu vilikuwa vimejaa mpaka chini ya kitanda, panya wanavisoma kuliko wateja. Shemeji yangu Chacha naye aliitaka aweke meza ya kuchezea pulu. Jumamosi ile mzee alikuwa ameita kikao cha familia aseme nani anapewa, na mimi nilijua kabisa, kosa moja tu na fremu ni ya pulu.

Na kwetu, kwa asiyejua, mkamwana na baba mkwe hawachezi karibu. Humpi mkono, humwangalii usoni, hukai naye kupiga soga, na baba mkwe wangu ni wa zamani hasa, akitaka uji anamwambia mtoto amwambie bibi aniambie mimi. Miaka yote ya ndoa yangu sidhani kama tulikuwa tumewahi kuongea maneno ya kujaza kiganja.

Nikapiga hesabu zangu za kijanja. Kwa kuwa Jumamosi napita Mugumu nikienda kikaoni, nikamwambia Kijana wa Dhahabu aje stendi achukue kitabu chake, akanipa namba ya simu, akasema atashika mwavuli wa kijani. Asubuhi nikiwa kwenye basi, simu ikalia, Mkenya mmoja wa pale mpakani Sirari, wakala wa mizigo, amekubali bei ya kitabu hichohicho. Nilikuwa nimesahau kukifuta kule! Badala ya kusema kimeuzwa, nikaona aibu, nikamwandikia, "Leo niko stendi ya Mugumu, ukikitaka njoo." Nilijua mtu wa Sirari hawezi kufunga safari yote ile kwa kitabu kimoja kichakavu. Nilisahau ni msimu wa rashi.

Nikafika stendi, nikajibanza kwenye kibanda cha Mama Zuhura, muuza chapati, nikiwa nimekumbatia kitabu kwenye gazeti. Natazama huku, natazama kule, namtafuta kijana. Mara naona mwavuli wa kijani. Chini ya mwavuli yupo baba mkwe wangu.

Nilichuchumaa nyuma ya jiko la chapati nusura niungue. Nikajiambia, hii ni bahati mbaya tu, mwavuli wa kijani si wa mtu mmoja, ngoja nimpigie kijana nimhamishe aende sehemu nyingine. Nikapiga ile namba. Na nikamwona mzee wangu, ambaye sisi wote tulijua ana simu ya tochi tu, anaingiza mkono ndani ya koti na kutoa simu kubwa ya kupangusa, anaiweka sikioni kwa adabu zote, anainamisha kichwa.

"Shikamoo mzee wangu! Nimeshafika, nina mwavuli wa kijani."

Nilimsikia kwenye simu na nikamsikia hewani kwa pamoja. Na ulimi wangu huu, ulioshazoea utamu wa kila asubuhi, haukuniuliza kitu.

"Marahaba!"

Kwa sauti. Tena ile ya kuvuta.

Mzee akageuka. Mimi nipo chini, simu sikioni, unga wa chapati kichwani. Tukatazamana usoni kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Niliona anatazama simu yake, ananitazama mimi, anatazama gazeti mkononi mwangu, na ninaapa nilimwona anakumbuka yale mawaidha yote, la ng'ombe, la mkewe, moja baada ya jingine. Nilitamani nididimie humohumo chini ya jiko.

Akamgeukia Mama Zuhura, akakohoa. "Hebu muulize huyo mama Ghati, Mzee wa Vitabu yuko wapi."

Mama Zuhura akanitazama pale miguuni pake. "Anakuuliza Mzee wa Vitabu yuko wapi."

"Mwambie baba," nikasema nikitazama chini, "Mzee wa Vitabu... ndiye mimi."

"Anasema ndiye yeye," akasema Mama Zuhura. "Makubwa! Nyinyi si mko hapahapa? Mimi leo nimekuwa redio?"

Watu wakaanza kusogea. Na kabla mzee hajajibu, pikipiki ikafunga breki, akaruka mtu ana vumbi mpaka kwenye kope, huyo moja kwa moja kwenye gazeti langu. "Madam! Hiyo kitabu ya dhahabu ni yangu, si tuliongea? Nimetoka Sirari, usinizungushe!"

"Dhahabu?" watu wakaitikia. Wote wakamtazama mzee na mwavuli wake, maana Mugumu nzima inajua mzee yule na dhahabu ni paka na panya. Nikamwona anatokwa na jasho. Akaitumbukiza simu ndani ya koti na kusimama wima.

"Mimi," akamwambia Mama Zuhura kwa sauti ya kusikika stendi yote, "nimekuja kununua chumvi ya ng'ombe. Huyo mama ampe mteja wake kitabu chake."

Akaondoka. Mkenya akapata kitabu, akakibusu. Mama Zuhura akacheka mpaka akaunguza chapati, na mimi nikapanda bodaboda kwenda Morotonga nikilia, kwa sababu fremu nilikuwa naiona inaondoka hivihivi na meza ya pulu juu yake.

Kwenye kikao tulikaa kama kawaida, mimi na kina mama upande wetu. Kumbe habari ilikuwa imenitangulia. Mama mkwe akauliza, "Nasikia leo stendi kulikuwa na fujo ya kitabu cha dhahabu, na mzee alikuwepo. Kuna nini?" Chacha akatabasamu. Mzee akatazama paa. Na mimi, sijui ujasiri niliutoa wapi, nikasema, "Mama, mteja wangu alinifanyia fujo, bahati nzuri baba alikuwa amekuja kununua chumvi ya ng'ombe, akayamaliza."

Mama mkwe akamtazama mumewe. "Na chumvi yenyewe iko wapi?"

Mzee akakohoa muda mrefu sana, kisha akasema kikao kimeitwa kwa ajili ya fremu, si chumvi, na fremu ameamua iwe ya vitabu, kwa sababu huyo mama Ghati anajua kuuza na anajua kunyamaza. Mimi nilifurahi nikasahau kabisa adabu, nikapiga kigelegele mbele ya baba mkwe.

Jioni ujumbe ukaingia kwenye simu. Kijana wa Dhahabu. "Mzee wa Vitabu, kitabu changu umempa Mkenya. Tafuta kingine, duara limefika kwenye jiwe jeusi." Halafu chini yake, "Mke wangu bado hajui."

Basi ndivyo tunavyoishi mpaka leo. Duka lipo, karibuni, ana kwa ana mimi na baba mkwe hatuongei, anapita na mwavuli wake nami natazama chini kama mkamwana mwenye adabu zake. Lakini kwenye simu Mzee na Kijana ni marafiki wakubwa, tunaulizana habari za mawe, za ng'ombe, hata za Mwita. Nimeapa jambo moja tu, sitaitikia tena shikamoo ya mtu nisiyemwona uso. Naye mzee yule, mchokozi, kila asubuhi lazima aitume hiyo shikamoo. Naisoma, nafunika uso kwa kanga hata kama niko peke yangu dukani, na namjibu, "Kitabu bado, kijana."