Gundi Chini ya Kikapu

Cha kwanza kukiona kilikuwa gundi.

Kidogo tu, kama ukubwa wa ukucha, chini ya kikapu. Kitambaa changu cha kufutia vumbi kilinasa pale. Nikavuta, kikanasa tena.

Nikashtuka. Vikapu vya duka letu havibandikwi kitu. Vina kadi iliyofungwa kwa uzi: msukaji amelipwa haki yake. Dirishani kuna nembo ya kuthibitisha hilo. Ukutani kulikuwa na picha ya msukaji mwenyewe, anacheka mpaka pengo linaonekana.

Msukaji huyo ni mama mdogo wangu. Ndiye aliyenilea nilipoacha shule darasa la tano. Yeye na wanawake wa kikundi chake waliliuzia duka hili, na wateja walilipa zaidi ya bei ya supamaketi bila kununa, kwa sababu ya ile picha.

Nikageuza kikapu kingine. Gundi.

Nikamtazama Madam, mwenye duka, anavyomweleza mteja habari za haki ya mnyonge. Moyoni nikasema: mwizi mkubwa wewe! Unanunua vya rahisi supamaketi, unabandua stika, halafu unaviuza kwa sura ya mama yangu.

Mdomoni sikusema kitu. Mimi ni mtu wa aibu. Hata nikikanyagwa mguu, anayeomba radhi ni mimi.

Lakini wiki hiyo mkaguzi wa nembo alikuwa anakuja. Akiona gundi, duka linanyang'anywa nembo, na kikundi kizima kinakosa mnunuzi. Nilitaka kumkamata Madam kabla hajatuzamisha wote.

Siku yangu ya mapumziko nikaenda supamaketi. Vikapu vilikuwa vimerundikwa kati ya ndoo na mifagio. Nikageuza kimoja: stika, palepale. Nikajibanza nyuma ya ndoo kumsubiri Madam.

"Dada, hizo ndoo unanunua au unazichumbia?" akaniuliza mpanga bidhaa.

Kabla sijajibu, nikasikia sauti upande wa pili wa rafu.

"Nipunguzie basi, baba. Si unaona nachukua vingi?"

"Mama, bei iko kwenye mashine! Kila ukija nakwambia."

Sauti ile ndiyo inayoniamsha kila asubuhi.

Mama mdogo.

Jioni nilimkuta uani, ameloweka vikapu kwenye beseni, anakwangua stika kwa kijiko. Kijiko kikamponyoka. Akakiokota. Kikamponyoka tena.

"Tangu lini, mama mdogo?"

Hakugeuka. "Tangu vidole vilipogoma."

"Si ungemwambia Madam?"

"Nimwambie nini? Picha yangu inacheka pale ukutani. Nani atanunua kwa picha inayolia?"

"Mkaguzi anakuja."

"Basi nyamaza, mwanangu. Hilo ndilo unaloliweza."

Ilinichoma, kwa sababu ni kweli.

Mkaguzi alikuwa mzee mpole, na upole wake ulinitisha zaidi. Alishika kikapu, akapitisha kidole gumba chini yake. Kidole kikasimama.

Madam akatabasamu, hajui lolote. Mama mdogo alikaa kwenye kigoda chini ya picha yake, mikono kaificha ndani ya mtandio.

"Binti," mkaguzi akaniuliza, "aliyesuka hiki unamjua?"

Nikatazama sakafu.

"Haya, mama, tusukie kidogo tuone."

Mama mdogo akatoa mikono. Akashika ukindu. Ukaanguka. Akaushika tena, ukaanguka tena. Madam akaacha kutabasamu.

"Mwacheni mtoto," mama mdogo akasema. "Vikapu hivyo nimevinunua supamaketi. Madam hakujua. Vya wenzangu wamevisuka wenyewe."

Mkaguzi akakigeuza tena kikapu.

"Sasa, hivi vya supamaketi," mkaguzi akauliza taratibu, "kavisuka nani?"

Tukatazamana. Hakuna aliyejua. Hakuna aliyewahi hata kujiuliza.

Nembo ilibanduliwa siku ileile, na picha ikashushwa. Wenzake mama mdogo walitununia, hata salamu wakatunyima, mpaka vikapu vyao vilipokaguliwa kimoja kimoja na nembo ikarudi. Picha ya mama mdogo haikurudi. Siku hizi nasuka mimi, yeye anafundisha kwa mdomo: "Kaza! Unasuka kikapu au wavu wa samaki?"

Ndugu zangu mnaosoma, sisemi msiende supamaketi. Hata sisi sabuni tunanunua huko. Ila bei ikikuchekea sana, jiulize ni nani hacheki.

Kikapu kimoja cha supamaketi nilibaki nacho. Ukingoni, katikati ya ukindu, umesukiwa unywele mmoja mrefu. Wa mtu. Labda aliinama sana, labda alisinzia.

Mkaguzi aliponiuliza kama namjua aliyesuka, jibu nilikuwa nalo. Sijawahi kulitamka popote. Nalitamka hapa.

Simjui. Nilimwogopea mama mdogo, nikaliogopea duka, nikauogopea mkate wetu. Yeye, ambaye kazi yake tuliiuza chini ya sura ya mwingine, sikumwogopea hata dakika moja.