Bi Subiri na Darasa la Mtandaoni

Watu wa rika langu bado wanamwita Bi Subiri, ingawa wengi wao hawakuwa wamemwona uso siku walipompa jina hilo. Walimjua kwa sauti. Ulikuwa ukiinua mkono wa simu unasikia mlio mfupi, kisha sauti yake, tulivu kama maji ya mtungini: "Subiri, nakuunganisha." Nawe unasubiri. Na kweli unaunganishwa, na mtu aliye ng'ambo ya milima anakuitikia kana kwamba mmekaa benchi moja.

Ni shemeji yangu, mjane wa mdogo wangu. Mimi nilikuwa fundi wa nyaya katika kituo hichohicho cha simu. Kazi yangu ilikuwa juu ya nguzo, yake ilikuwa ndani. Shule niliiacha mapema, na ninachokijua nimekisoma mwenyewe katika vitabu vya mafundi vilivyosahauliwa kabatini, kwa hiyo si mtu wa kushangazwa ovyo na kazi za wengine. Lakini kila nilipopita chumba cha maopereta nilisimama mlangoni. Kulikuwa na ubao mrefu uliojaa matundu, na wanawake wamekaa mstari mmoja mbele yake, hedifoni kichwani. Taa ndogo inawaka juu ya tundu, mkono unavuta kamba na kuichomeka, unavuta nyingine, mikono inapishana na kupishana bila kugongana. Nilisimama pale na koleo langu mkononi nikiwa nimesahau nilikokuwa nakwenda.

Chumba kile kilikuwa na kanuni moja kubwa kuliko zote: ukishaunganisha watu, jitoe. Opereta alimsikia wa kwanza akisema haloo, akamsikia wa pili akiitikia, kisha alibonyeza swichi yake akajifungia nje. Alichobaki nacho ni kuitazama taa, imwambie mazungumzo yamekwisha. Mwenzao mmoja aliwahi kucheka. Watu wawili walikuwa wakitaniana kwenye laini na kicheko kikamponyoka. Kesho yake kiti chake kilikuwa kitupu, na hakuna aliyemtetea. Hata yeye mwenyewe hakujitetea.

Basi posa za mji huu, misiba yake, kesi zake za mashamba, vyote vilipita chini ya vidole vya Bi Subiri, na jioni alirudi nyumbani hana hata chembe ya habari. Mdogo wangu alikuwa akimtania kwamba kwa bahati mbaya ameoa mwanamke pekee mjini asiyejua umbea.

Kisha kituo kikafungwa. Nyaya nilizozivuta kwa mikono yangu zikakatwa, zikayeyushwa zikawa sijui sufuria. Nguzo nyingine leo zinazuia kuku wasitoke uani. Siku hizi mtu anasimama katikati ya njia, simu sikioni, anautangazia umma maradhi ya mkewe, na wapita njia wanampa pole. Sisemi zaidi.

Alipofiwa na mumewe, Bi Subiri alikuwa akikaa sebuleni redio imezimwa, mikono mapajani. Nikienda kumjulia hali tunazungumza bei ya mkaa na paa linalovuja, tunaagana. Hadi asubuhi moja aliponifungulia mlango akiwa amevaa viatu vyake vya kazi. Alikuwa ametoka hospitali, akaniambia wamefungua chumba cha simu kwa ajili ya waliofiwa. Aliyempoteza mwana au mwenzi anapiga, anaongea na mtu anayejua kusikiliza. Wanatafuta watu wenye sauti njema na subira. Ila ni lazima uwe na cheti cha unasihi, na cheti chenyewe kinatolewa na chuo cha mji mwingine kabisa, kinachofundisha kwa mtandao.

"Nataka kurudi kwenye laini kabla sijafa," akasema.

Nilimwambia mzoea punda hapandi farasi. Akanijibu kwamba yeye maishani hakuwahi kupanda punda wala nguzo, mwenye tabia ya kupandapanda vitu ni mimi. Nikamsindikiza maktaba.

Maktaba yetu ina chumba cha kompyuta nyuma ya rafu za magazeti. Anakisimamia mkutubi, mtu wa makamo mwenye kitambi na utani mwingi. Alimketisha shemeji mbele ya mashine iliyo karibu na dirisha, akaanza naye mwanzo: hapa pa kuwashia, hiki ni kibodi, hiki ni kipanya. Kipanya kilimtesa. Alikishika kama yai linalotaka kuanguliwa, na mshale kwenye kioo ukakimbilia pembeni na kujificha. Mkutubi akamwambia, "Mama, huyo hang'ati." Shemeji akamjibu kwamba panya wote husemwa hivyo hadi usiku uingie.

Lakini mambo mengine aliyadaka kama aliyezaliwa nayo. Alipofundishwa kuweka neno la siri, mkutubi alimshauri amnong'oneze na yeye, ili akisahau akumbushwe. Shemeji alimtazama kama aliyeombwa aonyeshe nguo za ndani. Hakulisema kwa mtu, hakuliandika, wala hakulisahau hata mara moja. Alipofundishwa kuambatisha faili kwenye barua pepe, alikisogeza kipanya, mashine ikamwonyesha faili, akaichagua, akaiona imekaa chini ya barua, akasema, "Kumbe ni kuchomeka tu." Kuanzia hapo kazi zake za kuandika ziliruka kwenda chuoni moja baada ya nyingine. Ila akishabonyeza pa kutuma hakuinuka. Alikaa akingoja mtu wa upande wa pili aitikie, na mkutubi alipata taabu kumshawishi kwamba hapa barua inafika hata kama mwenyewe amelala.

Siku ya darasa la kwanza la mubashara nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake. Alivaa hedifoni, akabonyeza alipoelekezwa, kioo kikawa cheusi kidogo, kisha vikaanza kutokea visanduku, na ndani ya kila kisanduku uso wa mtu. Mmoja nyuma yake pana pazia la maua. Mwingine anabembeleza mtoto begani. Mwingine yuko kwenye ghala la magunia, jasho linamtiririka, lakini daftari liko mkononi. Wako miji tofauti, wengine hata nchi tofauti, na wote wanatazamana. Mimi nimebeba mabunda ya waya mgongoni kupanda kilima, mvua inanipiga, ili mtu mmoja amsikie mtu mmoja. Nilishika ukingo wa meza. Nilitaka kuikosoa mashine ile na sikupata pa kuanzia, nikatoka nje.

Wiki zikaenda hivyo. Kisha ikaja barua pepe kutoka chuoni. Shemeji aliisoma mwenyewe, akaisoma tena, akanisogezea kiti nami niisome. Walisema kazi zake za kuandika ni nzuri, lakini katika madarasa ya mubashara anaonekana dakika chache tu, anasalimia, kisha anatoweka. Anayeshindwa kukamilisha zoezi la mwisho la kusikiliza anaondolewa kwenye kozi. Zoezi lenyewe lilikuwa Alhamisi ya wiki iliyofuata.

"Lakini mimi nipo," akasema. "Nipo kila darasa."

Ilikuwa kweli. Mkutubi naye alikuwa shahidi, na mimi. Kila siku ya darasa tulimwona kutoka mlangoni, amekaa pale, mgongo umenyooka, macho kwenye kioo, mpaka saa iishe. Mkutubi akaushuku mtandao, akabadilisha waya. Akazishuku hedifoni, akaleta zake mwenyewe. Lilikuwa limebaki darasa moja tu kabla ya zoezi, na siku hiyo tulikaa naye, mkutubi upande huu, mimi ule, tumwone mwizi wa laini ni nani.

Darasa likafunguka. Shemeji akasema, "Mwalimu, nimefika," na mwalimu, mwanamke mwenye miwani, akampungia mkono wa kumkaribisha. Wengine wakaingia. Katika kozi ile wanafunzi hujizoeza kwa machungu yao wenyewe, na siku hiyo dada mmoja mwenye kitambaa cha bluu alianza kueleza, kama nilivyojua baadaye, jinsi alivyomzika mwanawe wa kwanza. Nilimwona shemeji anainamisha kichwa, kwa heshima. Mkono wake ukakisogeza kipanya polepole, mshale ukaenda mpaka kwenye kitufe chekundu cha kuondoka, akabonyeza. Nyuso zote zikapotea. Akaweka mikono mapajani, akanyoosha mgongo, akaendelea kukitazama kioo kitupu.

Mkao ule niliujua. Nilikuwa nimeuona mara zisizo na idadi nikiwa nimesimama mlangoni na koleo langu. Alikuwa ameunganisha watu, akajitoa, na sasa alikuwa akiingoja taa.

"Shemeji, mbona umetoka?"

"Nimetoka wapi? Nimeita, mwalimu ameitikia, wameanza kuongea."

"Na wewe je?"

"Mimi nini? Yule dada anamlilia mwanawe. Nikae pale nisikilize mambo ya watu?"

Mkutubi alifungua mdomo acheke, nikamkanyaga mguu.

Kwa miaka nimekuwa nikilalamika katika mji huu kwamba hakuna tena anayestahi maneno ya mwenzake. Hapa, mbele yangu, alikuwapo mtu aliyeibeba kanuni yetu kutoka ubao wa matundu mpaka kwenye kioo hiki, nzima, bila ufa, na kanuni hiyohiyo ilikuwa inamnyima cheti. Na wa kumwambia aiweke chini nilikuwa mimi.

Nikamwambia ndiyo kazi yenyewe. Wale hawaongei wao kwa wao, wanaongea ili yeye asikie. Akivuka Alhamisi bila kusikiliza, chumba cha simu cha hospitali kitakuwa na mtu mwingine.

Alivua hedifoni, akazilaza mezani taratibu.

"Wewe ndiye unaniambia hivyo? Wewe?"

Mkutubi akasema kwa upole kwamba mambo ya zamani yana wakati wake, mama, na ya sasa yana wakati wake. Shemeji hakumsikiliza. Alikuwa anafikiri.

"Yule dada," akasema hatimaye, "aliniruhusu lini?"

"Hajakuruhusu," nikasema. "Muombe."

Akainuka akaenda zake.

Alhamisi alitangulia kufika kuliko mkutubi mwenyewe. Nilimkuta amekaa ngazini, viatu vimepigwa rangi. Alijiwashia mashine, akaingiza neno lake la siri huku amekikinga kibodi kwa mkono wa pili, akafungua darasa. Mwalimu aliwagawa wawili wawili. Kila wawili walipewa chumba chao humohumo kwenye mtandao, na mwalimu aliingia na kutoka bila kusema kitu. Kisanduku kilichobaki mbele ya shemeji kilikuwa cha yule dada wa kitambaa cha bluu.

Mimi na mkutubi tulisikia upande mmoja tu, wake.

"Mwanangu, kabla hujaanza," akasema. "Mimi ni mtu wa simu, wa zile za zamani. Sisi tulikatazwa kusikiliza. Siku ile ulipoanza kusema nilitoka, na sikutoka kwa dharau. Leo nakuomba ruhusa. Nibaki?"

Kwenye kioo yule dada aliacha mdomo wazi. Akaufunika kwa kiganja. Kisha akaitikia kwa kichwa, ndiyo, na tena ndiyo, na midomo yake ikaanza kwenda.

Nimeona mambo katika maisha yangu. Nimeona radi ikishuka kwenye waya na kukimbia nguzo hadi nguzo kama mnyama. Lakini sijaona kitu kama uso wa shemeji yangu saa ile. Uso niliouzoea ulikuwa umefungwa, uso mzuri wa mtu aliye nje ya mlango. Sasa ulikuwa unafunguka kidogo kidogo, na kila neno lililoingia sikioni mwake lilionekana lilipotua. Kuna wakati mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kipanya, mshale ukaanza kupanda kwenye kile kitufe chekundu. Ukafika, ukasimama juu yake. Kisha shemeji aliuinua mkono wake kama anayeuondoa jikoni penye moto, akaushika kwa mkono wa pili, akaubana kifuani.

"Nipo," akasema. "Endelea."

Baadaye tena: "Nipo."

Ndiyo maneno yake yote kwa saa nzima. Mkutubi, mtu wa maneno mengi kama redio, alikuwa amekaa juu ya meza ya magazeti ameshika kofia yake.

Mwishoni mwalimu alirudi. Shemeji alitueleza alichosema: amelikamilisha zoezi, jina lake linabaki kwenye kozi, cheti kitatumwa. Ila siku nyingine asogee karibu zaidi na kipaza sauti, na aitazame kamera badala ya kuitazama picha, maana ilionekana kama anaongea na tumbo la mtu. Mkutubi alicheka mpaka akafuta macho. Shemeji alitabasamu kidogo, akaifunga mashine kwa utaratibu wote aliofundishwa, dirisha moja moja, mpaka kioo kikazimika.

Tulitoka. Nje jua lilikuwa bado kali, na watu walipita na simu zao masikioni, wakisema yao kwa sauti. Niliharakisha mwendo nikidhani anataka kufika nyumbani, lakini alisimama penye kivuli cha ukuta, mkono umerudi kifuani. Nilimuuliza kama anaumwa. Akasema hapana.

"Miaka yote ile nilirudi nyumbani mtupu," akasema. "Nikala, nikalala. Haya niliyosikia leo, shemeji, nayaweka wapi?"

Nimesoma vitabu vingi kwa nguvu zangu mwenyewe, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na jibu. Tukasimama pale kivulini, bega kwa bega, wala sikumharakisha tena.