Kidari cha Mtamba

Nilitaka kuanza kwa kusema ilikuwa mwaka sabini na tatu, lakini sivyo. Sabini na tatu kila mtu alikuwa bado kwenye mji wake, amejizungushia ua wake wa minyaa. Ilikuwa sabini na nne, mwaka wa kuhamia kijijini, tena mwishoni mwishoni, maana ule unga wa njano wa msaada ulikuwa umeshafika na watoto wanalalamika kwamba unawauma tumbo. Niliishia darasa la nne, tarehe zinanichanganya. Njaa hainichanganyi.

Tulikuwa upande wa Sengerema, ng'ambo ya ghuba ukitazama kutoka Mwanza mjini. Jina langu ni Chenge, ila pale kijijini nilikuwa Baba Kashindye, kwa huyo binti yangu aliyekuwa na miaka minane hivi, ameng'oka meno mawili ya mbele. Nililima pamba kama wenzangu, na nikawa mwindaji wa upinde. Si mwindaji mkubwa. Mkubwa alikuwa Mzee Mihayo, aliyenifundisha kuchonga mishale na kupika sumu. Mimi nilikuwa mtu wa sungura na digidigi, na siku ya bahati, pongo.

Kijiji kipya kilipangwa kwa mistari. Nyumba iliyofuata yangu ilikuwa ya Mama Ng'washi, mjane, aliyekaa na mjukuu wake mchanga. Mama wa yule mtoto alikuwa amefariki akiwa bado ananyonyesha. Katika ng'ombe wote wa marehemu mumewe, Mama Ng'washi alibakiwa na mtamba mmoja mwekundu, mdogo wa umbo kwa sababu ya ukame. Alikuwa anangoja mvua, majani yaote, mtamba apate nguvu apandwe, na siku moja mjukuu anywe maziwa badala ya uji wa unga ule wa njano. Hakuwa na tumaini lingine, na kila mtu alilijua hilo. Kashindye ndiye aliyemchunga yule mtamba. Alimsemesha kama mtu. Jioni alirudi ananuka ng'ombe, nami nikamwambia hata kuoga hakuna haja, kesho atanuka tena.

Mke wangu, Bernadeta, alikuwa kwao karibu na Bujora, amekwenda kujifungua. Nikabaki na mtoto, na nyumbani hakuna kitoweo. Siku moja nikachukua upinde na podo, Kashindye akasimama mlangoni akasema anakuja. Kumpeleka binti mawindoni kwetu si kawaida, lakini kumwacha peke yake kutwa nzima nako si vizuri. Tulipopita kwa Mzee Mihayo nikamwamkia, naye akatutazama, akacheka.

"Marahaba. Sasa Baba Kashindye, huyo unamfundisha kuwinda, au unataka mkwe wako apigwe mishale?"

"Ananibebea maji tu, mzee."

"Haya. Pongo akimwona bibi harusi atasimama amtazame."

Kashindye alikuwa amebeba kibuyu cha maji kichwani, akafanya kama hakusikia.

Sikumwambia mzee tunakwenda wapi. Tulikuwa tunakwenda mahameni, kwenye miji yetu ya zamani. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ametangaza kwamba atakayeonekana kule atahesabiwa kuwa anakataa kijiji, maana kuna waliokuwa wanarudi kulala kwao kisirisiri. Lakini wanyama hawakusikia tangazo. Watu walipoondoka, pongo waliingia kwenye minyaa yetu, wakala maboga yaliyojiotea kwenye mbolea ya mazizi.

Njiani nilimfundisha mtoto kama Mzee Mihayo alivyonifundisha mimi. Mawindoni hakuna kusema. Nikishavuta upinde, hata nyoka akikupita mguuni, usiseme. Ukimwona mnyama kabla yangu, nivute shati, basi. Nilimjaribu mara tatu au nne, nikawa namsemesha ghafla, naye akanyamaza amebana midomo kwenye lile pengo la meno. Nikamsifu. Nakumbuka nilimsifu sana.

Jua lilikuwa limeanza kulala tulipofika kwenye mji uliokuwa wa marehemu mume wa Mama Ng'washi. Ukuta ulikuwa umeshaanguka, minyaa imefungana. Nikaona kitu chekundu kama pongo nyuma ya minyaa, bega na kipande cha ubavu, kichwa kimeinama hakionekani. Nikachomoa mshale wa sumu, nikavuta.

Hapo Kashindye akanivuta shati.

Nikasema moyoni, naye amemwona, mtoto hodari. Akanivuta tena, kwa nguvu, mpaka kifungo kikakatika. Nikaachia.

Mnyama aliruka, akalia. Pongo hubweka kama mbwa. Huyu alilia kama ng'ombe.

Ndugu msomaji, ng'ombe hasahau kwao. Watu walihamishwa kwa amri, wakabomolewa hata nyumba, wakakubali. Ng'ombe alikuwa anarudi peke yake kulamba udongo wa zizi alilozaliwa. Mambo hayo mimi niliyajua. Wiki ile ile nilikuwa nimemsaidia jirani kumrudisha fahali wake kutoka huko huko. Na asubuhi ile, kwa kuwa mchungaji wake alikuwa na mimi, mtamba aliachwa afungwe kamba na bibi mwenye macho mabovu.

Hakwenda mbali. Sumu ya Mzee Mihayo haikuwa ya mchezo. Tulimkuta ameanguka kwenye lililokuwa zizi lao. Kashindye alikaa chini akamshika sikio. Hakulia kwa sauti. Aliendelea kunyamaza kama nilivyomfunza, mpaka nikapata hofu. Ndipo nikaelewa kuhusu shati. Mtoto alikuwa amemtambua. Alitaka kuniambia nisipige, lakini alama niliyompa ilikuwa moja tu, na ile ilikuwa ya kusema mnyama yule pale, piga.

Nikautoa mshale. Ulikuwa na manyoya ya kanga, kila mtu alijua manyoya ya kanga ni ya Chenge. Nikauvunja vipande nikaufukia. Kisha nikafanya jambo ambalo ni baya kuliko la kwanza. La kwanza lilikuwa kosa, hili nililifanya nikiwa nimekaa chini, nimetulia. Nikamshika mtoto mabega nikamwambia:

"Mama, hili tusimwambie mtu. Hata mama yako. Hata Bibi Ng'washi."

Akaniangalia. Akatikisa kichwa kukubali.

Kesho yake vijana waliokwenda kutafuta kuni walimwona mtamba. Kijiji kizima kikaenda, mwenyekiti mbele, na hakuna aliyekatazwa mahame siku hiyo. Mama Ng'washi alishikwa mkono na majirani. Walipoona kidonda, wengine walisema ni kisiki cha boma la zamani, amejichoma akiruka. Mzee Mihayo alipiga goti akatazama nyama iliyozunguka kidonda, imeanza kuwa nyeusi. Akatoa kisu, akakata kipande kikubwa mahali pale pote, akachimba shimo refu akakifukia, mbwa wasifike. Watu walidhani anatoa palipooza. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwake, na mdomo wangu ulifunguka. Nilitaka kusema. Kilichotoka kilikuwa, "Pole, mama." Mama Ng'washi akaitikia, "Ahsante, baba. Ni ya Mungu."

Kwa mwaka ule nyama haikutupwa, hata ya msiba. Mzee Mihayo ndiye aliyechuna, na Mama Ng'washi akaketi akiagiza kipande gani kiende nyumba gani. Mimi nilikwenda nyumbani, nikasema kichwa kinaniuma. Na kweli kilikuwa kinauma.

Mchana Kashindye akaja na beseni limefunikwa jani la mgomba.

"Bibi kasema hiki ni cha baba."

"Kasema nini tena?"

"Kasema nisikiangushe."

Nikafunua. Kilikuwa kidari.

Hapa lazima nieleze, maana vijana wa leo nyama wanaijua buchani. Sisi wawindaji, mnyama akianguka, kidari ni cha yule ambaye mshale wake ndio uliotoa damu ya kwanza. Hata kama mwingine ndiye aliyemmaliza, kidari hakiendi kwingine. Lakini ng'ombe wa nyumbani akifa, kidari hubaki kwa mwenye ng'ombe. Hakigawiwi jirani, wala mwenyekiti. Mume wa Mama Ng'washi alikuwa mwindaji enzi zake. Yule mama alizijua desturi zote mbili.

Nilimuuliza Kashindye kama alikuwa amesema neno kwa bibi. Hakusema ndiyo wala hapana, alinitazama amebana midomo, na sikuweza kumgombeza, maana ndivyo nilivyomfunza mwenyewe. Nikapika. Nyama ya sumu ukishaondoa palipoingia mshale haina madhara. Nililijua hilo, nikala. Mtoto hakula. Alisema ameshiba uji.

Baada ya hapo upinde niliuchomeka kwenye nyasi za paa, mchwa wakaula. Nikawa nampelekea Mama Ng'washi kuni kila wiki, na maji, na kumlimia. Watu hawakosi la kusema. Waliniuliza kama kuni zile ni za mahari, na Bernadeta aliporudi na mtoto mgongoni walimwambia aangalie, kuna mke mwenzie wa miaka sabini. Bernadeta alicheka. Hakujua. Yule mjukuu wa bibi alikua kwa uji, mwembamba, akasoma, yuko hai. Huwa nakumbushana hilo na nafsi yangu, lakini halinisaidii sana.

Mara nyingi nilikwenda kwa yule mama nimejiandaa kusema. Nakumbuka siku moja nilifika kabisa mpaka "mama, yule mtamba," naye akaniambia, "Baba Kashindye, hebu nichongee huu mpini, umelegea." Nikachonga. Nilipomaliza alishika jembe, akalijaribu chini, akasema sasa limekaa. Nikaenda zangu.

Kisha nikaanza kuzunguka. Nilikwenda Ukerewe kuvua, nikaenda Kagera kuchuma kahawa, nikakaa Geita. Watu wakadhani natafuta maisha. Nilikuwa Ukerewe Mama Ng'washi alipofariki, nikapata habari wiki tatu baadaye. Mzee Mihayo alimtangulia. Siku ya mwisho nilipomwona nilimuuliza alichokiona kwenye kile kidonda, akasema macho yake ni ya zamani, hayakumbuki.

Sasa nakaa Mkuyuni, Mwanza mjini, kwa huyo huyo Kashindye. Anauza dagaa sokoni, ni bibi wa wajukuu watatu, na anasema sana, kuliko mtu yeyote mtaani. Ana ugomvi na wachuuzi wote na wote wanampenda. Ila jambo lile moja hajawahi kulisema. Nilimuuliza siku alipoolewa, akaniambia, "Baba, leo?" Nikamuuliza tena mwaka jana nilipokuwa mgonjwa, akanifunika blanketi akatoka kuangalia sufuria.

Sitaki kumlazimisha. Mdomo ule niliufunga mimi. Lakini wenzangu wamekwisha, amebaki yeye peke yake, nami nataka kujua, yule mama alipokaa pale akiwa amefiwa na tumaini lake, akanyoosha kidole akasema kidari kiende kwa Chenge: nani alimwambia kwamba ni changu?