Mlango wa Namba Sita

Mimi ni fundi wa milango, na kabla sijasema lolote kuhusu landilodi wetu, mwenye nyumba, niseme kwanza kwamba bisibisi ilikuwa yangu. Watu wakisimulia mambo kama haya hujiweka pembeni, kana kwamba walikuwa wapita njia tu. Mimi sikuwa mpita njia. Nilipiga magoti nikalegeza skrubu moja baada ya nyingine, na kazi niliifanya kwa ustadi, fremu haikukwaruzika hata kidogo. Nikiukumbuka ule ustadi ndipo ninachefuka zaidi.

Ploti yetu hapa Nakuru ilikuwa na vyumba kumi, vitano vikitazamana na vitano, na katikati uwanja wenye mfereji mmoja wa kuteka maji na kamba za nguo. Mimi na mke wangu tulikaa namba mbili. Milango yote nilikuwa nimeitengeneza mimi, ya mbao za saiprasi, kabla hata hatujahamia pale. Landilodi alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa sauti ya chini, anayekushika mkono kwa mikono yake miwili na kukuuliza habari za watoto, za wazazi, mpaka za ng'ombe. Nilimheshimu. Mungu anisamehe, nilijivunia hata kujulikana naye.

Namba sita alikaa dada mmoja aliyesuka nywele kwenye saluni mjini. Korona ilipoingia saluni ilifungwa, na muda si muda mama yake mjane akaletwa kutoka Keringet akiwa amevunjika nyonga. Alipasuliwa hapa mjini, na daktari akasema asirudi kule kwenye vilima mpaka aweze kusimama, kwa maana kila wiki lazima apelekwe kliniki aangaliwe. Basi akawa analala mchana kutwa, uso ukielekea mlangoni apate mwanga. Ploti nzima tulimwita Gogo, kama nyanya wanavyoitwa kwao. Binti alizunguka mitaa ya wenye uwezo akitafuta nguo za kufua, na alichopata kiliishia kwenye dawa na unga. Kodi haikulipwa.

Siku hizo redio ilikuwa ikisema serikali inawaomba malandilodi wawe na huruma. Sikia neno hilo, inawaomba. Sisi tulioonekana bila barakoa tulikamatwa. Sikusikia landilodi hata mmoja aliyekamatwa kwa kukosa huruma. Hata hivyo wetu alikuwa mwoga wa polisi na wa korti, na zaidi ya yote alikuwa mwoga wa kusemwa kanisani. Kumtupia mjane mgonjwa vitu nje kungemharibia jina.

Alinijia kwenye kibanda changu cha kazi asubuhi moja ya Julai, akaketi juu ya mbao, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Fundi, mimi siwezi fukuza mtu," akasema. "Mimi ni Mkristo. Lakini hiyo mlango ya six ni yangu, ama? Na nimeskia inaburuza chini. Si uitoe ukaitengeneze?" Akaniachia mkono. "Usiharakishe."

Nilimwelewa mara moja, nisijifanye mjinga leo. Alijua tabia yetu mafundi. Hakuna mtu Nakuru hii anayeshangaa fundi akichukua kitu leo aseme kesho, na kesho ikawa wiki, na wiki ikawa mwezi. Uchelewaji wetu ni utani wa mji mzima, na mzee yule aliona kwamba unaweza kufanya kazi ya kumfukuza mtu bila yeye kuchafua mikono. Akaongeza kwamba kodi yangu ya mwezi ule nisijali. Alipoinuka akasema, "Dawa ya deni ni kulipa," akaisema kama aya ya Biblia.

Niliingia namba sita saa nne hivi. Binti alikuwa ameenda kufua. Mlango ulikuwa ukiburuza kweli, mbao zilivimba wakati wa mvua, na Gogo alikuwa ameniomba mara tatu au nne nije niupige randa. Kila mara nilimjibu, "Kesho." Sasa aliponiona na bisibisi uso wake wote ulifunguka.

"Eh, fundi! Leo umekumbuka hii mlango?"

"Nimekumbuka, Gogo."

"Imesumbua huyu mtoto wangu sana. Kila asubuhi anainua na bega, na amechoka. Itoe, itoe kabisa, uende utengeneze vizuri." Akaonyesha thermos iliyokuwa kwenye stuli. "Lakini kunywa chai kwanza. Mtu hafanyi kazi na tumbo baridi."

Nikanywa chai yake. Nilikunywa kikombe kizima, nikakirudisha kwenye stuli, nikapiga magoti, nikatoa skrubu za bawaba ya chini kisha za bawaba ya juu. Nilipoubeba mlango begani Gogo aliinua mkono wake kutoka kwenye blanketi akasema Mungu aibariki mikono yangu. Nikaitikia amina.

Binti aliporudi jioni alisimama mbele ya ule uwazi. Nilikuwa kwenye mfereji, akaniangalia, nikaanza kuosha ndoo ambayo ilikuwa safi. Kisha akaazima misumari kwa jirani akatundika blanketi moja kati ya mawili waliyokuwa nayo.

Julai hapa ina baridi ya kuingia kwenye mifupa, na upepo wetu huja na vumbi. Ukivuma, blanketi liliruka na ploti nzima ikaona ndani. Tulimwona Gogo akigeuzwa, akipanguswa, akiwekewa beseni, mwanamke ambaye akipita mwanamume alikuwa akijifunika kitambaa kichwani. Wapangaji wenzangu walikuwa wakigeuza macho. Walijua, na kila mmoja alikuwa akiwaza juu ya mlango wake mwenyewe.

Lakini Gogo hakujua. Nikipita kwenda chooni alikuwa akiniita kutoka nyuma ya blanketi, kwa sauti ya mtu anayetania rafiki.

"Fundi! Rangi imekauka?"

"Kesho, Gogo."

"Nyinyi mafundi na kesho yenu!" Na alikuwa akicheka mpaka akakohoa.

Nilimuuliza binti, kwa ule ujasiri wa mtu mwenye hatia, kwa nini hamwambii mama yake ukweli. Alinijibu bila kunitazama, "Nikimwambia ataamka leo leo atoke na huo mguu. Unamjua? Hawezi lala kwa nyumba ya mtu hamtaki."

Mke wangu aliacha kuzungumza nami. Aliniwekea chakula akaenda kula kwa jirani. Siku ya nane au ya tisa alisema kitu kimoja tu: "Hiyo mlango iko kwa kibanda yako. Unangoja nini?" Nikamwambia mlango si wangu. Nikamwambia tukiurudisha tutafuata sisi. Yote yalikuwa kweli, na mke wangu aliniangalia kama unavyoangalia kitu ulichokikanyaga.

Kifua cha Gogo kiliziba wiki ya pili. Binti akaona afadhali moshi wa jikoni kwao kuliko upepo wa Nakuru. Akapata lori lililokuwa limeleta viazi mjini na sasa linarudi tupu. Wanaume wanne tulimbeba Gogo juu ya godoro, mimi nikiwa wa nne, tukamweka nyuma kati ya magunia matupu. Kliniki hakuwa amemaliza, na kusimama alikuwa bado hajasimama. Landilodi alifika na paketi mbili za sukari. Akavua kofia, akatuombea safari njema, akataja hata wajane na mayatima. Nilisimama pale kichwa nimeinamisha, harufu ya viazi vilivyooza puani, nikatamani nitapike kwenye viatu vyake.

Lori lilipopinda kona akanigeukia. "Sasa fundi, maliza hiyo mlango. Kuna mtu anaingia Monday."

Nilipiga randa upande wa chini, nikapaka rangi, nikaurudisha. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Mlango ukafunga bila sauti.

Tulihama baadaye, si kwa ushujaa wowote. Na sasa serikali inajenga nyumba za bei nafuu, wenye mishahara wanakatwa kila mwezi ili zijengwe, na mafundi wa jua kali kama mimi tumepewa milango tutengeneze. Mkaguzi hupita kuufungua na kuufunga kila mlango, ukiburuza anakurudishia. Siku ya kukabidhi funguo nilikuwa pale nikikaza vitasa. Nilimwona mzee wetu wa kanisa, ndani ya suti, amepata nyumba kwa jina la binti yake aliye ng'ambo, na tayari anauliza kama namjua mpangaji mzuri. Alinishika mkono kwa mikono miwili. Nikashikwa.

Mwezi uliopita yule dada wa namba sita alikuja kibandani kwangu. Alikuwa akitafuta benchi ya saluni na hakujua kibanda ni changu. Aliniambia naye alijaza fomu za zile nyumba, akaambiwa alete pesa za kianzio kwanza, na pesa hizo hana. Alipapasa mlango mmoja niliokuwa nimeusimamisha ukauke. Nikamuuliza habari za Gogo.

"Anatembea na fimbo. Mguu mmoja ulibaki mfupi."

"Aliwahi kujua?"

"Hapana." Akaondoa mkono kwenye mlango. "Mpaka leo anaambia watu Nakuru kulikuwa na fundi mmoja mzuri alikubali kutengeneza mlango yake bure. Anakuombea. Jumapili akiombea watoto wake, na wewe uko ndani."

Nikamwambia amweleze ukweli, tafadhali, aniondoe kwenye yale maombi.

"Enda umwambie wewe," akasema. "Keringet si mbali."

Si mbali. Ukitoka hapa asubuhi umefika kabla ya chai ya saa nne. Nilimwambia nitaenda kesho.