Kamba ya Papa Kabasele

Maadamu Lualaba ina maji na mdomo wangu una meno mawili, maneno hayatalala njaa. Sikieni basi habari ya Papa Kabasele, aliyefungwa na kamba aliyoishika yeye mwenyewe.

Kabasele alikuwa mtu wa reli. Vita ilipofika Kindu, treni zikanyamaza, majani yakaota katikati ya vyuma. Komanda mmoja akamkuta amekaa bure, akamtupia kamba ya mashua.

"We muzee, funga hii njiani, pale pa kushukia bandarini. Muntu asipite mpaka umushushie. Na usiiache mpaka niseme!"

Komanda akaenda zake, hakusema tena. Wakaja askari wengine wenye kofia nyingine, wakamkuta na kamba, wakamwambia, "Endelea." Wakaja wengine tena: "Endelea." Mwenzake Alain, aliyekuwa akimpokea zamu, aliiacha kidogo akanywe maji. Walimchapa mpaka akasahau jina lake. Hata leo ukiita mtu yeyote sokoni, Alain anaitika.

Vita ikaisha. Treni ikarudi, kwa siku inazozipenda yenyewe. Lakini nani alimwambia Kabasele aache? Hakuna. Kila asubuhi aliifunga kamba, mti huku na mti kule. Wenye baiskeli walisimama, mama wenye vikapu walisimama, huyu akamwachia muhogo, yule samaki. Hata mbuzi walijifunza: walipanga mstari, beberu mbele, wakangoja washushiwe. Kamba ilipochakaa aliiunga kwa mpira wa baiskeli, akaiunga tena kwa kitenge cha marehemu mke wake, mpaka ya komanda haikubaki hata uzi.

Jambo moja lilimchoma. Binti yake Pélagie, aliyeolewa Kibombo, alizaa mtoto wa kiume akampa jina la babu yake. Kila treni ilileta salamu: "Papa, kuja uone jina lako." Jina likatambaa, likasimama, sasa salamu zilisema limeanza kung'oka meno ya utoto. Kabasele alitaka kwenda, alitaka sana. Lakini kwa ruhusa ya nani?

Ndipo akasikia kwamba washauri wa mji wanakutana kutafuta mapato. Akakaza fundo, akavaa koti, akaenda, akaketi benchi la nyuma.

"Tutoze kodi ya mbuzi," alisema Désiré, mshauri mwenye suti nzito kuliko jua la siku ile.

"Mbuzi wa nani? Wako njo wa kwanza kuzurura sokoni!" akamjibu Mama Falonne, aliyeongoza kikao. Watu wakacheka.

"Basi wanaovuka mto na kuku."

"Watawavalisha kuku kofia, waseme ni watoto," akasema Soudi, mshauri mzee aliyedhaniwa amelala.

Désiré akafuta jasho. "Na ile bariere ya bandarini, ile kamba inayozuia njia? Iko ya nani?"

"Ya komuni yangu, ya mtaa wangu," Soudi akaamka kabisa.

"Hapana, ya mji muzima!" akasema Mama Falonne.

"Njia ile inakata reli. Njo ya reli!" akadakia mshauri mwingine.

Wakavutana hivyo mpaka Kabasele akainua mkono. "Waheshimiwa, njo mimi wa kamba."

Mama Falonne akalainisha sauti. "Papa, bariere yako inaingiza nini?"

"Muhogo, mama. Siku nzuri, samaki."

Palepale kamba ikawa yatima. "Mimi nilisema iko karibu na komuni yangu," akasema Soudi. "Karibu tu."

"Sikuleta kesi ya samaki," akasema Kabasele. "Muniachilie, niende Kibombo nione mujukuu."

"Tukuachilie namna gani, Papa? Kitu si chetu," akasema Mama Falonne.

"Njo cha nani?"

"Cha aliyekupa."

"Aliyenipa alienda."

"Basi umungojee."

"Na kama si chenu, naweza kukiacha?"

"Eh! Na kama ni cha mukubwa fulani? Utatuletea matata!"

Kikao kikafungwa ili jambo likafikiriwe. Kabasele akatoka, kichwa kinamzunguka kama mtumbwi usio na kasia. Alikuwa amekuja na swali moja. Anarudi nayo matano.

Alipofika kwenye kamba, akawakuta washauri wenyewe. Walitaka kushuka bandarini kuangalia mashua za kutoza, na pikipiki zao zilikuwa zimesimama nyuma ya mbuzi.

"Papa, tushushie basi!" akaita Désiré.

"Mushushe ninyi."

Désiré akanyoosha mkono, akatazama huku na huku, akautia mfukoni. "Mimi? Wakiniuliza, nitajibu nini?"

"Nani atakuuliza?"

Désiré akamtazama Falonne, Falonne akamtazama Soudi, Soudi akamtazama beberu.

Kabasele akawaangalia mmoja mmoja. Kisha akafungua fundo la mti wa huku, akaenda akafungua la mti wa kule. Akaikunja kamba, akapita nyumbani, akafungia nayo mzigo wake wa nguo, akashika njia ya stesheni. Na treni, ambayo haijawahi kumngoja mtu tangu ianze kutembea, siku ile ilikuwa imesimama pale inamngoja yeye.

Nyuma, njia ilikuwa wazi, na wote walikuwa bado wamesimama. Wa kwanza kupita alikuwa beberu.

"Na huyu," akauliza Mama Falonne, "nani amemupa ruhusa?"