Kahawa Tuliyompa Haji Ma

Hatukwenda Uchina kutembea. Binti yetu Zuwena, aliyesomea udaktari mjini Xi'an, alitaka kuolewa na daktari mwenzake wa huko huko, Yusuf, Mchina Mwislamu, na mume wangu hakutaka hata kulisikia jina hilo. Miezi mitatu hakupokea simu ya mwanawe. Nilimbembeleza mpaka akakubali safari, ila kwa sharti lake. "Tunakwenda kumchukua," alisema. Nikafunga mizigo. Mradi anakwenda.

Jumatano asubuhi tuliondoka Ibra, mji wetu huku Oman, kwa gari, soko la wanawake limeshajaa. Rafiki zangu walikuwa wameniagiza hariri, kila mmoja na rangi yake, utadhani Uchina ni duka la pembeni. Mpaka Maskati mume wangu alizungumzia barabara tu. Ndegeni alikataa chakula, akala tende zake.

Alhamisi jioni tulifika Xi'an, baridi inauma masikio. Zuwena alimbusu baba yake kichwani. Baba akamwambia amekonda, basi. Kwangu hayo yalikuwa maneno mengi.

Ijumaa mume wangu aliswali katika msikiti wa kale wenye mapaa yaliyopinda ncha juu. Huko alikutana na baba yake Yusuf, Haji Ma, mzee mfupi wa kofia nyeupe. Alikiri, kwa shida, kwamba mzee anaisoma Qur'ani vizuri. Haji Ma alikuwa ametualika chakula kesho yake.

Jumamosi baada ya magharibi tukaenda ukumbi wa Waislamu, ambako watu hula huku wakitazama ngoma za kale. Waliletwa wasichana wa nguo za hariri, mikono ya nguo mirefu kuliko wao wenyewe, wakairusha hewani na kuikusanya bila kujikwaa. Mezani vikaja vitonge vya unga vyenye nyama ndani, vimepikwa kwa mvuke, kama sambusa zilizosahauliwa kukaangwa. Nilikula kumi na mbili. Chai nayo haikukoma. Mume wangu alikitikisa kikombe, kama tufanyavyo Oman mtu akitosheka, na mhudumu akamjazia tena. Mara ya nne alicheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu Ibra.

Kisha akatoa mkobani chupa yake ya kahawa, maana kahawa ya watu haiamini, akammiminia Haji Ma finjani moja. Mzee aliipokea kwa mkono wa kulia, akaiweka mezani, hakuinywa.

Kwetu Oman, mgeni akiiweka kahawa hivyo ana haja, na hainywi mpaka mwenye kahawa amjibu. Mume wangu alimgeukia Zuwena.

"Wewe umemfunza?"

"Aliniuliza mwenyewe, baba. Alitaka kujua kwetu watu wanaposa vipi."

Jukwaani ngoma moja ikamalizika, nyingine ikaanza. Mume wangu aliitazama ile finjani tu. Haji Ma aliweka mikono mapajani, hakugusa chakula. Yusuf alikuwa ameinama. Mimi nilisoma kila dua niijuayo, na nilizozisahau nikaziunga.

Mwisho mume wangu aliichukua ile finjani, akaimwaga bakulini, akamimina nyingine.

"Ile imeshapoa," alimwambia Zuwena. "Mwambie anywe hii ya moto. Mwambie nimeridhia, alhamdulillah."

Zuwena alishindwa kutafsiri kwa kilio. Haji Ma alielewa hivyo hivyo, akanywa.

Jumatatu tulirudi. Harusi tutaifanya Ibra, kisha Zuwena atarudi kwa mumewe. Kwenye uwanja wa ndege alituaga akicheka, na baba yake akamsisitiza ale. Ndege ilipopaa, mume wangu alilala usingizi wa mtu aliyetua mzigo.

Mimi niliyembembeleza miezi mitatu ndimi niliyelia hadi Maskati. Niliomba sana akubali, wala sikuwahi kukaa nikafikiri kwamba akikubali, ndiyo nimempa mtu mwanangu.