Leo nusura niozeshe bani zima la tumbaku

Jamani, leo nimeponea chupuchupu!

Si mnakumbuka nilivyoringia shahada yangu ya kilimo, ya chuo kikuu ng'ambo ya ziwa? Basi leo nimeanza kazi kwenye shamba la tumbaku huku Kaliua. Viatu vipya, vinang'aa.

Meneja, Mzungu, akanipeleka kwenye bani, lile banda la kukaushia tumbaku. "Imekauka?"

Nikachungulia. Majani ya manjano, yanachakarika. Nikajibu kwa sauti ya mtihani: "Imekauka, bwana. Wazime moto."

Mzee Kashindye, mchochea moto, hakuzima.

Alichomoa jani moja, akakunja uti wake wa katikati. Ukapindika kama kamba.

"Ungevunjika, ningezima. Huu bado una maji, mwanangu. Tukizima sasa, tumbaku yote itaoza."

Nyie! Jasho lile halikuwa la moto.

"Chuoni ulikausha mabani mangapi?" meneja akauliza.

"Hata moja, bwana. Tuliyachora tu daftarini."

Nikajua narudi kwetu Tabora kwa gari moshi la jioni.

Kumbe wapi! Meneja akanipa karatasi niwaandikie walimu wangu: walete wanafunzi hapa msimu mzima, kabla hawajahitimu.

"Atawafundisha nani?" nikauliza.

Akamnyooshea kidole Mzee Kashindye.

Mzee akavitazama viatu vyangu. "Hao waje baadaye. Huyu aanze sasa hivi."

Haya, chekeni mpaka mchoke. Mimi viatu nimevitundika mlangoni, nachochea moto. Kazi ninayo!